Mikono Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na Shangazi naye ameanza. Amefika kabla sijanywa chai, akautundika mwavuli wake unaochuruzika kwenye kiti changu, akauliza kama nimeshawajibu watu wa Kule. Nikamwambia bado. Akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimesimama wima kama mlingoti.

Niyaandike mambo yalivyo, maana kichwani yamesongamana. Nimepata nafasi mbili za kusomea udaktari. Moja ni hapa nyumbani. Ya pili iko Kule, nchi ya baridi ambayo Shangazi hataji jina lake kwa sababu linamshinda ulimi. Husema Kule tu, huku kidevu kakielekeza dirishani. Kote kuwili nimefadhiliwa, kwa hiyo siwezi hata kujificha nyuma ya umaskini. Jibu linatakiwa kabla ya katikati ya Mei.

Ugumu ni huu: anayesoma Kule akirudi Hapa, anafanya mitihani upya na kuanza kazi chini ya usimamizi kama mwanafunzi. Anayesoma Hapa akienda Kule, yanamkuta hayo hayo. Wengi wakishasoma mahali hubaki palepale. Basi mimi sichagui chuo. Nachagua watu nitakaowatibu mpaka nizeeke, na hao hakuna aliyeniandikia barua.

Nimemuuliza Mama anaonaje. Amesema chai inapoa.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimeanza kujifunza lugha ya Kule kwenye simu. Sasa najua kuuliza "Unaumwa wapi?" Nimemjaribia Mama. Hakuelewa hata neno moja, akajibu, "Kiuno." Mkunga ni mkunga.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi ameninunulia koti. Amelitoa kwenye marobota ya mitumba, zito, jeusi, refu, na ni la kiume. Nikilivaa mikono inanipita vidole na pindo linafagia sakafu. Amesema Kule watu wanakonda kwa baridi lakini mimi nitanenepa, litanikaa. Amelitundika kwenye mlango wa sebuleni ili kila mgeni aingiaye aulize. Mgeni wa kwanza aliuliza ni nani aliyefariki.

Mama amekigusa kitambaa, akasema ni kizuri, akaenda kazini.

Ijumaa, 14 Machi

Tangu nimalize shule nasaidia kwenye kituo cha afya anakofanya kazi Mama. Nakaa dirishani kuandika kadi za wagonjwa, na wengine wameshaanza kuniita Dokta, wananionyesha vidonda vyao huku wenye foleni wakilalamika. Leo kwa mara ya kwanza Mama ameniruhusu kuingia chumba cha kujifungulia.

Kichwa cha mtoto kilipoanza kuonekana, mimi nikanyoosha mikono. Sijui nilitaka kufanya nini. Nadhani nilitaka kudaka. Mama, bila hata kunitazama, akanichapa kofi dogo kwenye kiganja.

"Mikono nyuma."

Nikaiweka nyuma. Na yeye yake ilikuwa nyuma muda wote, amesimama miguuni pa kitanda kama mkaguzi, anaongea na yule mama polepole kuhusu bei ya sabuni. Aliitoa mwishoni kabisa, mtoto alipokuwa anakuja mwenyewe, akampokea.

Baadaye alinieleza, akiosha vifaa, kwamba kila mwanafunzi wake huanza hivyo, anasimama ukutani mikono nyuma mpaka ajue kutazama. Mkono ukiwa mbele, anasema, unatafuta kazi hata pasipo na kazi. Anayevuta kwa haraka huchana. Nimeelewa. Ila nimegundua pia kwamba nyumbani Mama huwa hivyo hivyo, na hilo sijalipenda.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Koti limeanza kuota ukungu kwenye kola. Shangazi amelipangusa kwa siki, sasa sebule nzima inanuka kachumbari.

Jumapili, 23 Machi

Niandike kuhusu Dokta Mrefu. Ni daktari wa hospitali kubwa iliyo ng'ambo ya mto, na ndiye pekee anayefanya upasuaji upande wetu wote. Kila wiki anakuja kituoni kuona wagonjwa waliomshinda Mama, na kila akiingia anainama mlangoni na bado anajigonga. Alisomea Hapa. Mwezi wa tano anahamia Kule.

Wiki hii alinikuta dirishani narudia maneno ya Kule, akanisahihisha matamshi. Naye anajifunza. Akaniambia nisipoteze muda, nianzie Kule moja kwa moja, nisije nikaanza upya na umri huu wa kwake. Amenisimulia vyumba vya upasuaji vyenye madaktari watatu kwa mgonjwa mmoja. Alisema watatu kwa namna mtu mwenye njaa anavyotaja chakula.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshakata shauri. Nikalivaa koti mbele ya kioo, nikajiona daktari. Shangazi alipiga vigelegele. Mama alikuwa mlangoni, mikono nyuma. Akasema limenizidi mikono, kisha akasema mikono hupunguzwa kwa fundi.

Jumatatu, 31 Machi

Leo nimegombana na Mama, kama inawezekana kugombana na mtu asiyegomba. Nilimwambia kila mtu ana maoni juu ya maisha yangu, hadi muuza mkaa, isipokuwa mama mzazi. Nikamwambia kama hajali aseme.

Aliacha kukunja nguo. "Nikikuambia kaa, siku utakayochoka utanichukia mimi. Nikikuambia nenda, siku utakayopigwa na baridi utanichukia mimi. Chagua mwenyewe, mwanangu, ukichoka ujue wa kumlaumu."

Akaendelea kukunja. Hilo ni jibu la mtu anayekwepa kesi. Baba alifariki nikiwa mdogo, na watu husema alikuwa mtu wa maneno mengi. Nadhani Mama alimwachia yote. Nina hasira mpaka mwandiko wangu umeharibika.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimepeleka koti kwa fundi cherehani apunguze mikono na pindo. Mtaani anaitwa Fundi Kesho, na jina hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Aliniambia niende kesho. Mkewe ana mimba kubwa, alikuwa anashona vifungo miguu kaiweka kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alimwambia mumewe, "Hata huyu mtoto ukimshona wewe, atazaliwa keshokutwa," tukacheka wote watatu.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua haikatiki. Koti bado. "Kesho."

Ijumaa, 11 Aprili

Mkono wangu wa kulia haushiki kalamu vizuri. Nitaandika polepole.

Asubuhi Fundi Kesho alifika kituoni akisukuma mkokoteni, na ndani yake mkewe, na juu ya mkewe koti langu. Uchungu ulimwanza ghafla huku mvua ikimwagika, naye akashika nguo nzito kuliko zote dukani kwake. Alikuwa analia na kuniomba radhi kwa ajili ya koti.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, mwenye sauti. Mama alikuwa mikono nyuma kama kawaida, mimi ukutani kama kawaida. Kondo la nyuma likatoka. Nikaanza kuvuta pumzi. Kisha damu ikaja, na haikuacha.

Mama alitoa mikono nyuma. Sijawahi kuona mikono ikienda upesi hivyo bila papara. Sindano, dripu, kiganja kimoja kinasugua tumbo chini ya kitovu, kingine kinabana ndani, na mdomo wake unaniamuru mimi nipige simu ng'ambo. Dokta Mrefu alipokea mwenyewe. Akasema, "Mleteni, naandaa chumba." Damu ilikuwa imepungua, lakini haikukoma. Kila Mama alipoacha kusugua, mfuko wa uzazi ulilegea na damu ikarudi.

Muuguzi mwenzake alikuwa amekwama kwenye mafuriko. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mama mwingine aliyekaribia kabisa kujifungua. Mama akamtazama yule wa pili, akanitazama mimi. Akaushika mkono wangu, akaubonyeza kwenye tumbo la mke wa Fundi mpaka nikahisi kitu kigumu.

"Umeuhisi? Ukilegea, sugua mpaka ugumu urudi. Usiondoe mkono mpaka mtu mwingine aweke wake. Umenisikia?"

Nikamjibu nimesikia.

Ndani ya gari la wagonjwa tulikuwa dereva, mimi, mgonjwa, na Fundi Kesho ameshika dripu juu. Kabla ya daraja tukazama kwenye tope. Dereva akasema wote tushuke gari liwe jepesi. Nikamwambia mimi sishuki. Akanifokea, nikamfokea zaidi, na ni mtu mzima rika la baba yangu, nitamwomba radhi. Fundi akatundika dripu kwenye ndoano, akashuka kusukuma pamoja na watu wa barabarani. Nilibaki peke yangu na mkewe. Chini ya kiganja changu mfuko ulilegea. Nikasugua. Ukakaza. Ukalegea tena. Mkono ulianza kuwaka moto, halafu ukafa ganzi, nikawa siujui ni wangu au wake.

Alikuwa anatetemeka. Nikavuta koti kwa mkono wa kushoto, nikalishika kwa meno, nikamfunika hadi kidevuni. Aliniuliza kama anakufa. Nikamwambia hawezi, mumewe ana koti langu na hajalimaliza, nani atamhimiza? Akacheka. Kicheko kidogo, cha puani, lakini nilikihisi mkononi, na tumbo likakaza. Gari likachomoka topeni.

Dokta Mrefu alikuwa nje kwenye mvua na machela, anaisukuma mwenyewe. Tukaenda naye mbio hadi chumba cha upasuaji, mkono wangu bado palepale. Akaniambia niondoe. Nikashindwa. Si kwamba nilikataa; mkono haukutii. Akaweka kiganja chake juu ya changu, akakibonyeza.

"Nimeshika," alisema. "Ondoa wako."

Ndipo nikauondoa.

Yu hai. Nimeliandika hilo peke yake ili nilione.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimelala mchana kutwa. Mama amenikanda mkono kwa maji ya moto. Yule wa kitanda cha pili alijifungua mvulana.

Jumanne, 15 Aprili

Nimekwenda ng'ambo kumwona mgonjwa wangu. Naona nimeandika "wangu", liache. Anakunywa uji na kumsema mumewe, kwa hiyo amepona.

Kisha nikamtafuta Dokta Mrefu. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilimkuta kwenye korido, ameketi kwenye benchi, viatu kavua, anakula ndizi. Nikamuuliza bila hata kumsalimia vizuri: yeye akiondoka mwezi ujao, nani ataweka mkono wake?

Hakukasirika. Alikunja ganda la ndizi taratibu.

"Nimeomba mwenzangu mwaka mzima, sijaletewa. Ijumaa, kama wangekuja wawili, ningempasua yupi? Mimi sikimbii wagonjwa, mdogo wangu. Nakimbia kuwa peke yangu."

Akaniambia kwamba ziko siku ambazo wagonjwa walifika wawili kwa pamoja. Hakunieleza zaidi, nami sikuuliza. Nilikwenda kumhukumu, nikarudi na mzigo wake begani. Kwenye daraja nilisimama nikitazama maji, nikaona kwamba sababu alizonipa za kwenda Kule zote ni za kweli, na hazikuwa na kosa hata moja.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Nimejaribu kurudia maneno ya Kule. "Unaumwa wapi?" Ninalisema vizuri sasa.

Alhamisi, 24 Aprili

Nafikiria kile kicheko ndani ya gari. Alicheka kwa sababu anamjua Fundi Kesho, na mimi namjua. Kule nitajifunza kuuliza mtu anaumwa wapi, tena haraka. Kumchekesha mtu anayeogopa kufa, hilo litanichukua umri. Najua pia kwamba utani haukomeshi damu. Kilichoikomesha ni sindano, mkono, gari, na mtu mmoja mwenye kisu aliyekuwepo. Na huyo mmoja anaondoka.

Ningependa kuandika kwamba nimeamua kwa ujasiri. Nimeamua kwa sababu mkono bado unauma pale Mama alipoubonyeza. Nitasoma Hapa, na nitatibu Hapa. Naogopa sana. Naogopa benchi lile na ile ndizi.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimemwambia Shangazi. Nilitegemea radi, nikapata kimya, na kimya cha Shangazi ni kibaya kuliko radi. Aliketi kwenye kiti chenye mwavuli wake bila kujali maji.

Kisha akaniambia jambo ambalo nyumbani kwetu halisemwi. Siku Baba alipougua, ni yeye Shangazi aliyempeleka hospitali. Walikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Kila aliyepita aliwaambia daktari anakuja. Baba alikuwa anamtania kwamba akipona atamnunulia benchi lile, maana wameshalizoea. Jua lilipogeuka akamlalia begani, naye akadhani amepitiwa na usingizi.

"Nilitaka mmoja wetu awe upande ambao daktari yupo," alisema. "Basi. Sikutaka kingine."

Miezi yote hii nilidhani anataka kujisifu kwa majirani. Nilipiga magoti, nikamshika miguu, nikamwambia upande huo ndio ninaotaka kuujenga, ila niuanzie kwenye lile benchi. Alijipangusa uso kwa ncha ya kilemba, akauliza, "Na koti?"

Jumamosi, 3 Mei

Jua limetoka kutwa nzima. Fundi Kesho amerudisha koti, kalifua, kalipiga pasi. Akaniomba radhi: alikuwa amefumua mkono mmoja tu tayari kupunguza, ndipo mkewe akashikwa, kwa hiyo ameurudishia vilevile. Hakukata hata uzi. Kwa mara ya kwanza nimemshukuru kwa uvivu wake. Kwenye bitana kumebaki doa ambalo sabuni haikuliweza.

Jumanne, 6 Mei

Dokta Mrefu alikuja kuaga kituoni. Akajigonga mlangoni mara ya mwisho. Shangazi alikuwepo, na alikuwa amelibeba koti. Akamwambia ainame, akamvika mwenyewe. Mikono ilimfika, mabega yakamkaa, pindo likaishia magotini kama lilivyotakiwa. Tukamtazama wote, na Shangazi akasema kumbe alikuwa anamnunulia mwingine bila kujua.

Nilimwonyesha doa ili asije akashtuka akilikuta Kule. Alilishika muda mrefu. Akaniuliza ni la Ijumaa ile? Nikaitikia. Akaandika namba yake mpya kwenye kadi ya wagonjwa, akasema siku nitakapokuwa peke yangu nipige, hata kama kwao ni usingizi wa alfajiri. Bado sijamsamehe kabisa. Namba nimeitunza.

Aliyepangiwa mahali pake hajafika. Wanasema yuko njiani.

Ijumaa, 9 Mei

Leo nimewajibu wote wawili. Wa Kule nimewaandikia kwa lugha yao, na kwa shukrani za kweli.

Kisha nikaenda kumwambia Mama. Shangazi alikuwa ameniahidi kufunga mdomo, na kwa maajabu ya Mungu aliufunga. Mama alikuwa chumba cha kujifungulia, na mama kijana kitandani, bado mapema. Amesimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma, anazungumzia bei ya sabuni. Nikasimama mbele yake.

"Nimewajibu, Mama. Nabaki."

Alinitazama. Uso wake haukusema chochote, kama siku zote.

"Umeamua wewe?"

"Mimi."

"Hakuna aliyekusukuma?"

"Hakuna aliyeweza."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema vizuri, akamwambia yule kijana avute pumzi taratibu, hakuna haraka. Nikapita nyuma yake kwenda kuchukua mahali pangu ukutani.

Maisha yangu yote nimemwona Mama kwa mbele, na mbele ametulia. Leo nilikuwa mgongoni kwake. Mkono wa kushoto ulikuwa umeukamata wa kulia kwenye kifundo, umeubana hasa, mishipa imetoka, na kucha zimezama kwenye ngozi. Kulikuwa na alama mpya, na chini yake alama za zamani, za msimu mzima. Huku sauti yake inaendelea, tulivu, sabuni imepanda, sabuni itashuka.

Niliweka mkono wangu juu ya ile miwili, nikabonyeza.

Ndipo akaachia.